Kinamasi cha Rugezi, Madaftari ya Gacaca na Flashi za Gisimenti

Mwaka 2004 Kigali iliingia kwenye mgao wa umeme ambao watu wazima wa mji huo hawajausahau. Chanzo chake kilikuwa mbali, kaskazini karibu na mpaka wa Uganda, kwenye kinamasi cha Rugezi. Kwa miaka mingi wakulima wenye uhaba wa ardhi walichimba mifereji ya kukikausha, miteremko ikalimwa mpaka chini, na maji ambayo kinamasi kilikuwa kikiyashika na kuyaachia kidogo kidogo yakapungua. Rugezi ndiyo inayolisha ziwa Burera. Maji ya Burera huzungusha mitambo ya Ntaruka, yakaingia ziwa Ruhondo, kisha yakazungusha mitambo ya Mukungwa. Ziwa liliposhuka, mitambo nayo ikalegea. Mvua zilikuwa haba, na uendeshaji wa mitambo yenyewe ukalaumiwa. Serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli, na bei ya umeme ikapaa.

Gisimenti ilipata fungu lake la giza. Hii ni kona ya Remera, wilaya ya Gasabo, upande wa mji unaoelekea uwanja wa ndege wa Kanombe, hatua chache tu kutoka uwanja wa Amahoro. Mgeni huijua kwa nyama choma, muziki na meza zinazomwagika barabarani siku za mwisho wa juma. Mchana ina sura nyingine. Utakuta vyumba vidogo vya uchapaji ambavyo Wanyarwanda, kwa mazoea ya Kifaransa, huviita sekretarieti ya umma: kompyuta mbili au tatu, mashine ya fotokopi, printa, na foleni ya watu wenye barua za kuomba kazi, tasnifu na hati za viwanja. Mwandishi asiye na kompyuta nyumbani alikuja hapo na maandishi ya mkono, akakaa karibu na mchapaji na kumsomea.

Kompyuta ya mezani haina betri. Maneno yaliyokwisha kuchapwa lakini hayajahifadhiwa hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo hufutika papo hapo umeme ukikatika. Programu ya Word huweka nakala ya dharura yenyewe, lakini kwa kawaida hufanya hivyo kila baada ya dakika 10, na katika dakika 10 mchapaji hodari humaliza ukurasa mzima. Mbaya zaidi ni umeme kukatika wakati diski inaandikwa: hapo faili zima huweza kuharibika, siyo ukurasa wa mwisho peke yake. Ndiyo maana wachapaji waliojifunzia kazi enzi hizo wana tabia moja unayoweza kuiona ukikaa nyuma yao. Kila wakiweka nukta, vidole viwili vya mkono wa kushoto vinashuka kwenye Ctrl na S, kisha vinarudi juu. Hawajui hata kama wanafanya hivyo. Ukiwapa kompyuta mpakato yenye betri ya saa tano, bado vidole vinashuka.

Rugezi ilirudishiwa uhai. Kilimo ndani ya kinamasi kilipigwa marufuku, kandokando kukapandwa miti na majani ya kushika udongo, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo. Sidhani kuna mwandishi wa Kigali aliyewahi kuyashukuru mafunjo ya Rugezi katika dibaji ya kitabu chake. Angekuwa na sababu.

Lakini mji huu ulikwisha kufundishwa habari za kupotelewa muda mrefu kabla ya mgao huo, na kwa namna isiyolinganishika na kukatika kwa umeme. Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, Landoald Ndasingwa, waziri kutoka chama cha Liberali na mwenye hoteli ya Chez Lando hapa Remera, aliuawa pamoja na mkewe Hélène Pinsky, mama yake na watoto wao wawili. Katika siku zilizofuata maelfu ya watu walijazana ndani ya uwanja wa Amahoro chini ya ulinzi mwembamba wa askari wa Umoja wa Mataifa. Nyumba walizoziacha ziliporwa hadi milango na mabati. Karatasi hazikuwa na bei kwa mporaji, kwa hiyo zilichomwa, zilitupwa mvuani, au zilifungia vitu. Picha za arusi, vyeti, barua, madaftari, miswada: vingi vilikuwa na nakala moja tu duniani, na nakala hiyo ilikuwa ndani ya nyumba. Mpaka leo kuna walionusurika ambao hawana hata picha moja ya wazazi wao.

Ukitazama ni maandishi gani ya miaka ile yaliyosalia, utaona jambo linalojirudia. Januari 1993 tume ya kimataifa ya mashirika ya haki za binadamu ilizunguka Rwanda kwa wiki mbili, ikapokelewa na kusaidiwa na watetezi wa haki wa Rwanda wenyewe, ikahoji mashahidi na hata kufukua makaburi ya mauaji yaliyokwisha kutokea. Ripoti yake ilitoka Machi mwaka huohuo, ikachapishwa Ulaya na Marekani. Mwaka mmoja baadaye baadhi ya wenyeji wa tume walikuwa wameuawa au kukimbia. Ushahidi waliosaidia kuukusanya ulikuwa salama kwenye makabati ya miji ambayo wanamgambo wa interahamwe wasingeifikia.

Mmoja wa wanatume alikuwa Alison Des Forges, mwanahistoria Mmarekani aliyeijua Rwanda tangu miaka ya 1960. Baada ya mauaji alirudi, na safari hii alichonufaika nacho zaidi ni uzembe wa wauaji. Katika ofisi za mkoa wa Butare na za tarafa zake, viongozi waliokimbia waliacha nyuma barua, kumbukumbu za mikutano na orodha zilizopigwa chapa na kutiwa sahihi. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1999 kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya karatasi hizo. Watu waliotaka asibaki wa kusimulia walikuwa wenyewe wamesimulia, kwa nakala zilizobaki kwenye majalada, kama utawala ulivyowafundisha. Karatasi ya kaboni iliwashitaki.

Kugawa maandishi, au maneno, ili pigo moja lisiyamalize yote, Rwanda haikujifunza kutoka kwa mafundi wa kompyuta. Siri za ufalme, yaani taratibu ndefu za matambiko zilizoitwa ubwiru, zilishikwa kichwani na abiru, wazee wa koo maalumu zilizogawiwa sehemu sehemu. Miaka ya 1940 padri na mshairi Alexis Kagame alipata ruhusa ya Mwami Mutara III Rudahigwa kuziandika. Matini yenyewe kwa ukamilifu wake ilikuja kuchapishwa Ubelgiji mwaka 1964, wakati ufalme ulikuwa umekwisha kufutwa na wenye kuikariri walikuwa wamezeeka au wamekufa. Mtu anaweza kubishana kama siri ya namna hiyo ilistahili kutoka nje. Kama isingetoka, leo tusingekuwa na cha kubishania.

Baada ya 1994 ikaja kazi ya kuandika upya, na hakuna mahali ilipofanywa kwa wingi kama kwenye gacaca. Mahakama hizi za wananchi zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, zikafungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012. Zilikuwa zaidi ya 12,000, na zilisikiliza kesi zipatazo milioni 1.9. Vikao vilifanyika mara moja kwa juma, nje, kwenye majani au chini ya mti, watu wakiwa wameketi chini na waamuzi, inyangamugayo, wakiwa kwenye benchi. Mmoja wa waamuzi alikuwa mwandishi wa kikao. Kwanza zilijazwa orodha za kila eneo dogo: nani alikuwa akiishi hapa kabla ya mauaji, nani aliuawa, mali gani iliharibiwa, nani anatuhumiwa. Kisha yakaja maungamo, ushahidi, mabishano na hukumu. Yote kwa Kinyarwanda, kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi, ndani ya madaftari ya aina ileile wanayobeba watoto shuleni.

Mahakama zilipofungwa, madaftari yakakusanywa Kigali. Jumla yake ilikadiriwa kufikia kurasa milioni 60 hivi, zikawekwa ndani ya maboksi kwenye makao makuu ya polisi, Kacyiru. Fikiria hali ya karatasi hizo. Zilikuwa zimenyeshewa, zimekunjwa mfukoni, zimekaa miaka kwenye ofisi za kata zenye mchwa na unyevu. Wino wa kalamu za bei nafuu ulikuwa unapauka. Na kila daftari lilikuwa moja tu. Hakukuwa na nakala ya pili ya kesi ya mtu fulani katika kijiji fulani. Likiliwa na mchwa, kesi nayo imekwenda, pamoja na mahali palipotajwa kuwa mwili umezikwa.

Tume ya taifa ya kupambana na mauaji ya kimbari, CNLG, ikishirikiana na Aegis Trust na taasisi za Uholanzi na Uingereza, iliingia kwenye kazi ya kuzigeuza kurasa hizo kuwa faili za kompyuta. Mtu akisikia hivyo huwaza skana na kasi. Anayeijua kazi hii anajua skana ndiyo sehemu rahisi. Kabla yake kuna mtu anayeng'oa pini za stepla zilizoshika kutu moja baada ya nyingine, anayefuta vumbi kwa brashi laini, anayekunjua pembe za karatasi kwa kucha na kuhesabu kurasa za jalada. Baada yake kuna mtu wa kutazama kila picha kama herufi zinasomeka, na mwingine wa kulipa faili jina. Hapo kwenye jina ndipo wengi huangukia. Picha milioni 60 zisizo na majina yanayoeleweka ni sawa na picha zilizopotea, kwani hakuna atakayeweza kuipata anayoitaka. Inabidi kila faili lijue ni la wilaya gani, kata gani, mahakama ipi, jalada lipi. Mwandishi mwenye mafaili 40 yote yanayoitwa "riwaya mpya" na "riwaya mpya kabisa" anaelewa tatizo hilo kwa kipimo chake.

CNLG yenyewe haipo tena. Mwaka 2021 majukumu yake yalihamia wizara mpya ya umoja wa kitaifa, MINUBUMWE. Hilo nalo ni somo ambalo watunza nyaraka hulijua zaidi ya waandishi: taasisi hufa kabla ya karatasi zake, na faili lisilo na mrithi aliyeandikwa hubaki yatima.

Gisozi, upande wa pili wa bonde, kuna mfano mwingine. Ukumbusho wa mauaji ya kimbari wa Kigali ulifunguliwa Aprili 2004, mwaka uleule wa mgao wa umeme, na Desemba 2010 ukazinduliwa humo Hifadhi ya Nyaraka za Mauaji ya Kimbari ya Rwanda: ushuhuda wa video, picha, magazeti ya zamani, ramani. Mshirika wake mkubwa wa kiufundi alikuwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas, kule Austin, na nakala za kidijitali zikahifadhiwa huko pia. Gisozi wakiungua leo, Austin wanazo. Austin wakikumbwa na mafuriko, Gisozi wanazo. Ni hesabu ileile ya ripoti ya 1993, isipokuwa safari hii ilipangwa.

Nakala kusafiri hadi Texas haikuwa jambo la kawaida kwa Mnyarwanda wakati ule. Mpaka mwaka 2009 intaneti ya Rwanda ilitegemea setelaiti, polepole na kwa bei kali. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilitua kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na nchi isiyo na bahari ikaunganishwa nayo kwa nyaya za nchi kavu kupitia majirani. Ndani ya nchi ukatandazwa mkonga wa kilomita 2,300 hivi uliozifikia wilaya zote 30. Kabla ya hapo, mwandishi wa Gisimenti aliyetaka kuweka kazi yake mahali pengine alikuwa na chombo kimoja: flashi.

Flashi ina historia yake chungu. Ilitoka kompyuta hadi kompyuta, kutoka kwenye mkahawa wa intaneti hadi sekretarieti hadi chuoni, na ilibeba kila kirusi ilichokutana nacho njiani. Kirusi kilichoenea sana miaka ile hakikufuta kitu. Kiliyaficha mafolda ya mwenye flashi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwenyewe akizibofya, hakuna kitu, au kirusi kinazidi kuenea. Wengi walilia, wakaambiwa na rafiki waifomati flashi ili iwe safi, wakaifomati, na hapo ndipo mswada ulipopotea kweli. Fundi aliyejua kazi yake alifanya vingine. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mmoja mfupi wa kuyaondolea mafaili alama ya kufichwa, akabonyeza Enter, na folda zote zikajitokeza zilivyokuwa. Sekunde chache. Alitoza pesa kidogo, na mteja aliyekuwa ameshika kichwa aliondoka akimwita daktari.

Wakati huohuo, mwaka 2005, mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alikuwa ametoa kitabu cha kuwasaidia wapiga picha wenzake kutunza picha za kidijitali. Kupitia kitabu hicho ilienea kanuni inayofahamika sasa kwa tarakimu 3-2-1: uwe na nakala tatu, juu ya vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Hakuna cha ajabu ndani yake; karani wa Butare mwenye kaboni angeielewa mara moja. Kwa mwandishi wa Remera tafsiri yake ni rahisi: mswada uwe kwenye laptopu, uwe kwenye diski ya nje inayokaa kabatini bila kuchomekwa, na uwe mtandaoni au kwa dada yake kule Huye.

Neno la kusisitiza hapo ni "bila kuchomekwa". Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kudai fidia; diski iliyochomekwa nayo ilifungwa. Hifadhi ya mtandaoni inayojisawazisha yenyewe ina udhaifu wa aina hiyohiyo. Ukifuta sura ya tano nyumbani kwa bahati mbaya, inaifuta na kule, kwa utiifu mkubwa. Huduma nyingi huweka matoleo ya nyuma kwa muda fulani, lakini muda huo huisha, na mwandishi hugundua amefuta sura ya tano siku anapoihitaji. Na wale walioweka kila kitu mtandaoni peke yake walikumbushwa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kwa pamoja. Tanzania iliumia zaidi, Rwanda nayo ikaonja. Mafaili yalikuwa salama kabisa huko yaliko, ila hayakufunguka.

Kuna suala jingine ambalo Krogh, akiwa na picha zake, hakuwa na haja ya kulifikiria. Waandishi wengi wa Kigali huandika juu ya watu walio hai: manusura, wafungwa waliotoka, watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji. Rekodi zao za mahojiano ni data binafsi. Sheria Na. 058/2021 ya Oktoba 2021 inataka anayesimamia data binafsi azihifadhi ndani ya Rwanda. Kuziweka nje kunahitaji cheti kutoka kwa mamlaka ya usalama wa mtandao. Kanuni ya mpiga picha inasema peleka nakala mbali. Sheria inasema uliza kwanza. Na shahidi aliyekuambia jina la aliyemuua mdogo wake, huku jirani huyo akiwa ametoka gerezani na anaishi nyumba ya tatu, ana swali lake mwenyewe: nakala tatu maana yake ni milango mitatu, nani ana funguo? Binafsi naona mwandishi anayenakili bila kufunga nakala kwa nenosiri madhubuti amejilinda yeye na kumwacha wazi aliyemwamini. Diski ya nje inaweza kusimbwa yote kwa programu zisizo na malipo, na baadhi ya kompyuta huja nazo. Nenosiri liandikwe kwenye karatasi, likae kwa mtu, kwa sababu diski iliyosimbwa ambayo mwenyewe amesahau ufunguo wake ni diski tupu.

Swali la nani ashike funguo limewahi kufika hadi Baraza la Usalama. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufanya kazi zake Arusha, ilifungwa mwishoni mwa 2015. Kigali ilidai nyaraka zake zije Rwanda, kwa hoja kwamba ni historia ya Wanyarwanda. Azimio Na. 1966 la Desemba 2010 likaamua kwamba nyaraka zibaki mali ya Umoja wa Mataifa, zikae na chombo kilichorithi mahakama. Jengo lake la Lakilaki, nje kidogo ya Arusha, lilifunguliwa Novemba 2016, likiwa na ghala lililopangwa liwe na joto na unyevu uliodhibitiwa. Nakala za hukumu na za kumbukumbu za vikao vya wazi zilikuwa zimekwisha kupatikana Kigali tangu zamani, kwenye kituo cha Umusanzu mu Bwiyunge kilichofunguliwa Septemba 2000, ambako mwanafunzi wa sheria kutoka Remera aliweza kupanda basi, akasoma ushahidi wa kesi ya Akayesu, mmoja wa waliohukumiwa na mahakama hiyo, na kurudi nyumbani kabla ya giza. Ushahidi uliotolewa kwenye vikao vya faragha haukuwemo. Huo ulibaki Arusha, umefungwa.